Ukatili wa majumbani: maana yake, na kwa nini shabiki huuita ugomvi

Neno "majumbani" linapotosha kidogo. Ukilisikia unafikiria chumba, pazia na mlango uliofungwa, na papo hapo unajiona huna kibali cha kuuliza kitu. Lakini tukio la ukatili wa majumbani lililozungumzwa sana kuliko mengi katika michezo ya Marekani lilitokea kwenye lifti ya hoteli yenye kasino, mjini Atlantic City, jimbo la New Jersey, alfajiri ya 15 Februari 2014. Nyumba haikuwepo. Kulikuwa na mwanamume, mchumba wake, na kamera ya usalama.

Tuanze na maana, kisha tutarudi kwenye lifti.

Ukatili wa majumbani ni mwenendo wa mtu kumtawala mwenza wake, au mtu wa familia yake, kwa kumtia woga au maumivu. Unaitwa hivyo kwa sababu ya uhusiano wa watu hao, popote watakapokuwa. Wakenya wengi husema dhuluma za nyumbani, Watanzania tumezoea ukatili, na kitu ni kile kile. Hata kama wameshaachana, mmoja akawa anamfuata mwenzake kazini kumtisha, bado ni ukatili wa majumbani. Na kipigo ni sehemu yake tu. Kumnyang'anya mshahara, kumchagulia marafiki, kupekua simu yake kila jioni, kumdhalilisha mbele ya watoto, kumlazimisha tendo la ndoa, kumwambia "ukiondoka nakuua" bila hata kunyanyua mkono, yote yamo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili huu inataja hadi ukatili wa kiuchumi na kumfuatafuata mtu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme itakavyosema. Kifungu hicho kina zaidi ya miaka 50, na bado wapo watu ukiwasomea wanacheka.

Sasa, ugomvi nao ni nini? Watu wawili wanaoishi pamoja watagombana, hilo halina mjadala. Kipimo ninachokitumia mimi ni kimoja: nani anamwogopa nani? Kwenye ugomvi wote wawili wanapayuka, wote wananuna, na kesho wote wana uhuru wa kusema "jana ulinikosea". Kwenye ukatili kuna mmoja anayepima hatua za mwenzake mlangoni ili ajue leo amekujaje. Mtu anayezoea kupima hatua hizo hayumo kwenye ugomvi, hata kama hajawahi kuguswa wiki nzima. Wanaume nao hutendewa hivyo, na wengi wao huona aibu kusema. Lakini mzigo mkubwa uko kwa wanawake: Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi aliyemfanyia ni mwenza wake.

Turudi kwenye lifti. Mwanamume yule alikuwa Ray Rice, mchezaji wa Baltimore Ravens katika ligi ya NFL, ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa helmeti na mabega ya plastiki. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametwaa ubingwa wa Super Bowl na timu yake, na mkataba wake ulikuwa wa miaka 5 kwa dola milioni 35. Siku chache baada ya tukio, mtandao wa TMZ ulirusha video fupi: mlango wa lifti unafunguka, Rice anamburuta mchumba wake aliyezimia, miguu yake ikikwama mlangoni. Ngumi yenyewe haikuonekana kwenye video ile. Ila karatasi ya mashtaka ya polisi ilikuwa imeshaandika kwamba alimpiga kwa mkono mpaka akapoteza fahamu. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, maana ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata.

Mwishoni mwa Machi baraza la mahakama likamfungulia shtaka zito la kushambulia, na siku iliyofuata wawili hao wakafunga ndoa. Tarehe 23 Mei klabu ikaandaa mkutano na waandishi wa habari. Rice aliketi na mkewe kando yake. Aliwaomba radhi wamiliki, makocha na mashabiki, na kwa bahati mbaya ya ajabu akaanza kutoa mfano wa mtu kuangushwa chini na kuinuka tena. Aliyeangushwa chini alikuwa amekaa pembeni yake. Kisha akaunti rasmi ya klabu ikaandika kwamba mke anajutia sana sehemu aliyoichangia usiku ule. Yaani mtu kazimishwa, halafu anaombwa naye alete mchango wake wa lawama.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo kila mwenye kijiwe analijua. Swali la kwanza kuulizwa huwa "kwani alimfanya nini mpaka ampige?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo kuhusu mlinzi wa benki aliyevamiwa na majambazi. Kwa mke, swali linakuja lenyewe, tena mara nyingi kutoka kwa watu wapole. Baada yake huja la pili: "Mbona wamerudiana? Sisi yanatuhusu nini?" Na kama mwanamume ana jina, huja la tatu, la siku hizi: "Huyo dada anatafuta kiki." Huko ndiko kumlaumu aliyeumizwa, na kazi yake ni kumrudishia shabiki utulivu wake. Kama kosa ni la mke, basi mimi naweza kuendelea kuvaa jezi.

Julai ligi ikatoa adhabu: kufungiwa mechi 2. Katika majira yale yale mchezaji mwingine wa NFL, Josh Gordon, alifungiwa msimu mzima kwa sababu ya bangi, baadaye ikapunguzwa kuwa mechi 10. Siku chache baada ya adhabu ya Rice kutangazwa, Ravens walifanya mazoezi ya wazi uwanjani kwao Baltimore. Rice alipotokea, mashabiki walisimama wakampigia makofi.

Kelele za nje zilikuwa kubwa, hasa za wanawake, hata kamishna wa ligi, Roger Goodell, mwezi Agosti akakiri kwa barua kwamba alikosea, na akatangaza kuwa kuanzia hapo kosa la kwanza la ukatili wa majumbani litakuwa mechi 6. Ila Rice alibaki na zake 2.

Tarehe 8 Septemba TMZ wakatoa video ya pili, ya ndani ya lifti. Sasa ngumi ilionekana, kichwa kikagonga reli ya chuma, mwili ukaanguka. Kabla jua halijazama klabu ilikuwa imevunja mkataba wake na ligi imemfungia bila kikomo. Wiki iliyofuata klabu ikafungua zoezi la kubadilisha jezi: lete namba 27 ya Rice, chukua ya mchezaji mwingine bure. Foleni ikawa ndefu, maelfu ya watu wamekunja jezi kwapani. Lakini hata siku tatu tu baada ya video, kwenye mechi dhidi ya Pittsburgh, wapo waliokwenda uwanjani wamevaa namba 27 makusudi, wanawake wakiwemo.

Jiulize kilichobadilika kati ya Februari na Septemba. Maelezo ya tukio yalikuwa yale yale: alimpiga, akazimia. Rice alipokata rufaa, jaji mstaafu Barbara Jones aliyesikiliza shauri alisema hakushawishika kwamba mchezaji huyo aliidanganya ligi kuhusu alichofanya, na mwishoni mwa Novemba akafuta adhabu ile ya pili, ya kufungiwa bila kikomo, kwa kuwa ilimwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Wengi walikasirika kusikia hivyo. Mimi naona jaji aliisema kweli ambayo ligi na mashabiki hawakutaka kuisikia: walijua tangu mwanzo. Walichokuwa hawajafanya ni kuona. Rice hakupata tena timu ya NFL, japo kisheria alikuwa huru kucheza.

Hasira ya umma, basi, iliamshwa na picha. Kabla ya picha, mwanamke alitakiwa awe shahidi wa mwili wake mwenyewe, na ushahidi wake ulionekana hautoshi. Hili lina historia. Mwaka 1989 O.J. Simpson, gwiji wa mchezo huo huo, alifikishwa mahakamani Los Angeles kwa kumpiga mkewe Nicole, na hakuyapinga mashtaka. Alipewa adhabu ya nje ya gereza, na runinga ya NBC ikamchukua kuwa mtangazaji wa mpira. Nicole aliuawa Juni 1994. Simpson aliachiwa huru kwenye kesi ya mauaji mwaka 1995, kisha mwaka 1997 mahakama ya madai ikamwona anawajibika kwa kifo hicho.

Huku kwetu hatuna haja ya kuwacheka Wamarekani. Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, alishtakiwa mwishoni mwa 2010 kwa kutishia kumuua mkewe na kwa kuwa na bunduki aina ya AK-47 kinyume cha sheria. Alikana. Februari 2011 mkewe aliondoa malalamiko, wakatangaza kupatana, na wengi wakashusha pumzi. Wagombanao ndio wapatanao. Miezi mitatu baadaye Wanjiru alifariki kwa kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akiwa na miaka 24. Sitadai kujua kilichokuwa ndani ya ndoa ile. Nasema tu kwamba methali ile, na ile ya ndugu wakigombana shika jembe ukalime, zilitungwa kwa ajili ya watu wenye nguvu zinazolingana. Tunaziazima kwa mtu anayetishiwa bunduki, na tunaona tumetumia busara.

Mke wa nyota ana tatizo la ziada ambalo jirani yake wa kawaida hana. Akienda polisi kwenye dawati la jinsia kuomba fomu ya PF3 ili atibiwe, kesho ni habari. Mkataba ukivunjwa, ada ya watoto inaondoka naye. Mama mkwe, wakala, wajomba waliojengewa nyumba, wote watampigia simu wamwambie "tuyamalize kifamilia". Ndiyo maana adhabu kali ya klabu, ambayo mimi naiunga mkono, ina ubaya wake: inaweza kumfanya mke anyamaze zaidi, kwa kuwa anajua anapigia kura njaa ya nyumba yake. Wiki ile ya video ya pili, watu mtandaoni walipouliza kwa dharau kwa nini yule dada aliolewa naye, mwandishi Mmarekani Beverly Gooden alianzisha mjadala wa wanawake kueleza kwa nini walibaki. Majibu yalimiminika: sina pa kwenda, alisema ataniua, mchungaji aliniambia nivumilie, nilimpenda.

Na kama mwenye mbio na pesa ni mwanamke? Mantiki inabaki pale pale, viti tu vimebadilishwa. Iten, kule milimani Kenya, kuna wasichana wanaoingiza fedha nyingi kuliko ukoo mzima, na pembeni yao mwanamume ambaye ni mume, kocha na mweka hazina kwa pamoja. Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1, nchini Ujerumani mwezi Septemba 2021. Oktoba 13 alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Wakimbiaji wenzake wakaanzisha Tirop's Angels ili wengine wapate pa kusemea mapema. Mwaka 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenza wake, nyumbani kwake Trans Nzoia. Wazazi wake walisema kulikuwa na mgogoro wa ardhi aliyoinunua, na kwamba polisi walikuwa wameshaelezwa. Alifariki Eldoret tarehe 5 Septemba. Baltimore walisubiri video; huku tulisubiri jeneza.

Tarehe 31 Desemba 2023 Ravens walimwita Ray Rice uwanjani na kumtambulisha kama gwiji wa mechi ya siku hiyo. Kwa miaka kadhaa alikuwa amezunguka akizungumza na vijana juu ya alichokifanya, na ndoa yake bado ipo. Timu ikaifunga Miami 56 kwa 19. Wapo walioona ni msamaha uliochelewa, wapo walioona ni dharau kwa kila mwanamke aliyekuwa jukwaani. Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa michezo hadi ya usiku wa manane, alinitumia habari hiyo na ujumbe mfupi: "Kumbe huyu bado yupo?" Nikamjibu yupo. Akauliza: "Na mkewe?" Ilikuwa mara ya kwanza, katika miaka yote tuliyobishana juu ya kesi hii, kumsikia akiuliza habari za mkewe.