Maana ya taharuki katika riwaya

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu hapa Moshi. Jioni moja alikuja na daftari lake la Kiswahili, akaniamkia, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. "Shangazi, wewe si ndiye unayeshinda na riwaya? Taharuki ni nini?"

Maana alikuwa nayo tayari, tena kwa mwandiko mzuri: hali ya kumtia msomaji hamu ya kujua kitakachofuata. Ameikariri. Shida ni kwamba mwalimu amewaambia waonyeshe taharuki ndani ya kitabu, naye kila akikifungua haoni pa kunyooshea kidole.

Simlaumu. Maana ile si kosa, ila inaeleza anachokihisi msomaji na kunyamaza juu ya alichokifanya mwandishi.

Neno lenyewe lina mambo. Mtaani na magazetini, taharuki ni kuchanganyikiwa: moto umezuka sokoni, watu wametaharuki, kila mtu anakimbia asikokujua. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa haraka na harakati. Yaani ndani yake kuna kutikisika. Kwenye riwaya kinachotikisika ni moyo wa msomaji, mwili umekaa tuli kwenye kiti. Lakini hapo hapo neno linatupoteza, maana ukilisikia unadhani taharuki ni mbio, bastola na magari yanayofukuzana. Kumbe inapikwa kwa moto mdogo. Mwandishi anakuonyesha jambo linakuja, halafu analichelewesha.

Nilimpa mfano wa kubuni. Kijana kapanda Kosta asubuhi stendi ya Moshi, anakwenda Arusha kumvisha mchumba wake pete. Tukimfuata mpaka mlangoni kwa binti, akagonga, jirani akatoka na kusema, "Huyo kaondoka leo alfajiri, kapanda basi la Dar," huo ni mshtuko. Utashtuka mara moja, basi.

Sasa geuza. Sura imeanza Arusha, alfajiri, binti anafunga begi. Anaacha barua chini ya sinia la vikombe, anapanda basi la Dar. Ndipo tunarudi Moshi kumkuta kijana anagombania siti ya dirishani. Hakuna kilichoongezeka kwenye kisa, ila sasa wewe unajua na yeye hajui. Kosta inasimama Kwasadala kuchukua mama mwenye mikungu miwili ya ndizi. Konda anabishana na abiria juu ya chenji. Bomang'ombe trafiki anapiga mkono, dereva anashuka na makaratasi yake, na kijana anaingiza kidole mfuko wa shati kuhakikisha pete ipo. Basi la Dar linapita upande wa pili. Hakuligeukia, alikuwa anahesabu hela ya kununua maji.

Mambo ya chenji na trafiki tunayaona kila siku barabara ile na hayana uzito wowote. Hapa yana uzito kwa sababu yanakula muda ambao unajua kijana hana. Ukitafuta taharuki kitabuni, tafuta vitu viwili hivyo: nani anajua nini, na kitu gani kinacheleweshwa.

Wanafunzi huichanganya na ndugu zake. Msomaji akijua asilolijua mhusika, hicho walimu hukiita kinaya, na kinaya ni kuni nzuri za taharuki. Fumbo ni jingine: kwa nini binti kaondoka? Barua inasemaje? Fumbo linakuuliza kuhusu lililokwisha tokea, taharuki inakukalisha ukisubiri lijalo. Riwaya za upelelezi hutumia yote mawili kwa zamu. Sadfa nayo ni mambo kukutana kwa bahati tu, kama pale basi na Kosta zinapopishana. Moja inavumilika. Mwandishi akiweka tatu kwenye sura moja, mimi kitabu nakirudisha kwa mwenyewe.

Akaniuliza swali zuri kuliko yote: hadithi za mapenzi je, maana mwisho wake unajulikana, wataoana tu. Ni kweli. Nina jirani, fundi cherehani kule Mbuyuni, tunaazimana vitabu. Yeye huanza na ukurasa wa mwisho. Akishaona wameoana anafunga, anashusha pumzi, anarudi ukurasa wa kwanza. Nilidhani anajiharibia, mpaka siku nilipomkuta kasimamisha mguu kwenye pedali, gauni la mteja limening'inia nusu mshono, anasoma mahali mama mkwe anaficha simu ya kijana. Mwisho anaujua na bado hawezi kuweka kitabu chini. Kwenye mapenzi tunachosubiri ni namna watakavyovuka, na nini kitavunjika njiani. Ndiyo maana riwaya ya mapenzi isiyo na kikwazo cha kweli huchosha hata ikijaa maneno matamu.

Riwaya za kihistoria zinalithibitisha hilo kwa ukali zaidi. Hapa kwetu nani hajui habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi? Mwaka 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wenzake. Mwisho uko wazi kabla hujafungua kitabu. Sasa tuseme mwandishi anaanza sura kwa kusema ni katikati ya Februari, migombani kumetulia, na mwanamke mmoja wa boma anaotesha ulezi kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya sherehe ya mwezi ujao. Yeye hana tarehe. Wewe unayo. Ulezi ukichipua moyo unakuuma, ukisagwa ndiyo zaidi, na mwandishi hajataja kamba wala mti. Kuna mahali utajikuta unatamani historia ikosee safari hii, na utamani hivyo ukijua kabisa haiwezekani.

Ila hayo yote yanasimama kama umeshampenda mhusika. Mtu usiyemjua akiwa hatarini ni habari ya redioni, unasikitika na kuendelea kumenya vitunguu. Waandishi wenye pupa huanza na maiti ukurasa wa kwanza, halafu wanashangaa kwa nini msomaji hajali nani kaua.

Kuna na ile ya "itaendelea". Zamani tulisubiri gazeti wiki nzima kwa sababu hadithi ilikatwa mahali mlango unafunguka. Kukata pale ni halali, ni ucheleweshaji ule ule, safari hii kwa siku saba. Lakini nakumbuka moja ambayo jambazi alishafyatua risasi, na wiki iliyofuata shujaa akaamka kitandani, kumbe ndoto. Nilikasirika kama niliyerudishiwa chenji pungufu. Aliyekuchelewesha ana deni, na ndoto si malipo.

Kijana wetu alikwenda kuandika jibu lake. Nilimwambia asiandike kwamba riwaya ina taharuki kubwa, aseme mhusika gani hajui nini, msomaji kalijulia wapi, na mwandishi kaingiza nini katikati kabla halijatokea. Alipata alama tatu kati ya nne. Moja ilikatwa kwa kutotaja ukurasa.