Wakala wa mwandishi ni nani, na ukikutana naye useme nini

Wakala wa mwandishi ni mtu anayemwakilisha mwandishi mbele ya wachapishaji. Anasoma mswada, anaamua kama anaweza kuusimamia, anautafutia mchapishaji anayeufaa, anajadili mkataba, kisha anafuatilia malipo miaka yote ambayo kitabu kipo sokoni. Yeye hanunui kitabu chenyewe. Kwa watu wa Mtwara na Lindi jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu ununuzi wa kangomba tunaujua. Mnunuzi wa kangomba anakuja korosho zikiwa bado mtini, anakupa hela ya kutuliza shida ya leo, na msimu ukifika mzigo ni wake. Bei ya mnadani ikipanda, faida ni yake. Wakala wa kweli hakupi hela, na mali inabaki yako. Yeye anachukua asilimia ya kile unacholipwa wewe. Usipolipwa, naye hapati kitu.

Kazi hii ilianzia London katika miaka ya 1870. A. P. Watt, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa wakala wa kwanza wa aina hii, alikuwa akichukua asilimia 10. Siku hizi Uingereza na Marekani kiwango cha kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya ndani ya nchi na 20 kwa mauzo ya nje na tafsiri, kwa kuwa huko nje kuna wakala mwingine wa kugawana naye. Wakala anayeheshimika hatozi ada ya kusoma mswada. Ukiambiwa "lipa kwanza ndipo tusome", aga kwa adabu uondoke.

Mchapishaji ni mtu mwingine kabisa, na hapa ndipo waandishi wengi wanapochanganyikiwa. Mchapishaji anaweka mtaji wake: anamlipa mhariri, anamlipa mchoraji wa jalada, anagharamia kupanga kurasa na kupiga chapa, anatafuta namba ya kitabu kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, anapeleka nakala madukani. Kitabu kisipouzika, hasara ni yake. Mwenye mtambo wa kupiga chapa anakutengenezea nakala ulizolipia, basi. Ukigharamia kila kitu mwenyewe, wewe ndiye mchapishaji, na hakuna aibu yoyote katika hilo; vitabu vizuri vimetoka kwa njia hiyo. Kinachoumiza ni yule anayejiita mchapishaji, akakutoza gharama zote, halafu kwenye mkataba akachukua na haki zako. Huyo amekula huku na huku.

Sasa, kwa nini ukiandika kwa Kiswahili ni nadra kukutana na wakala? Piga hesabu. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na mrabaha wako, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 ya bei ya jalada. Zikiuzwa nakala 1,000, unapata shilingi milioni moja. Wakala wa asilimia 15 angeondoka na 150,000, pengine baada ya miaka miwili ya kupiga simu na kufuatilia. Hakuna mtu atakayefungua ofisi kwa fedha hiyo. Ndiyo maana katika soko letu mwandishi anazungumza na mchapishaji uso kwa uso, bila mtu wa katikati. Yale ambayo wakala angeyajua kwa niaba yako, inabidi uyajue wewe.

Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, iko huko. Kusini kwetu kuna kazi ya uchapaji ya Wabenediktini wa Ndanda, wilayani Masasi, inayojulikana zaidi kwa vitabu vya dini. Kwa hiyo kongamano la waandishi, warsha au maonesho ya vitabu, yawe Dar es Salaam au yale ya Nairobi, kwa mtu wa Liwale au Newala ni nafasi adimu. Nauli peke yake ni mzigo. Nasikitika sana ninapoona mtu amefunga safari yote hiyo, amekaa kiti cha nyuma siku mbili, na amerudi bila kumsogelea hata mhariri mmoja kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Anza kwa kujua unataka nini ukizungumza na mhariri au mchapishaji. Kitabu hakinunuliwi pale ukumbini. Hakuna mhariri anayesaini mkataba na mtu aliyemwona dakika kumi zilizopita, na wala hatasoma kurasa zako 200 akiwa ameshika kikombe cha chai. Unachotafuta ni neno moja tu: "Nitumie." Ukilipata, kazi ya siku hiyo imekwisha. Kwa hiyo acha mswada mzima hotelini au kwa mwenyeji wako. Bahasha nene unayomkabidhi mtu mwenye safari ya kesho inaweza kabisa kubaki mezani.

Kwenye makongamano makubwa ya Ulaya na Marekani mazungumzo haya hupangwa rasmi: unajiandikisha, unapewa dakika chache, wakati mwingine tatu tu, unaketi mbele ya wakala na unaeleza kazi yako. Kwetu mara nyingi yanatokea kwenye foleni ya chakula au baada ya mada, watu wanapotoka nje. Maandalizi ni yaleyale. Unahitaji maneno ya nusu dakika hadi dakika moja yanayosema kitabu ni cha aina gani, kimekamilika au la, nani yuko katikati ya kisa, anataka nini, na kitu gani kinamzuia.

Sikiliza mwandishi huyu: "Kitabu changu kinahusu maisha. Kinaelimisha jamii kuhusu mapenzi, ukweli, umuhimu wa elimu na changamoto za vijana wa leo." Mhariri atatikisa kichwa kwa heshima, na baada ya dakika mbili hatakumbuka chochote, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kuwa ya kitabu chochote kile. Sasa sikiliza huyu: "Ni riwaya, nimeimaliza, ina maneno kama elfu sitini. Ni mwaka 1949, Nachingwea, Waingereza wanafyeka msitu walime karanga. Kijana wa Kimwera amepata kazi ya kuendesha katapila, na mshahara wake ndio unaolisha nyumba ya mama yake. Asubuhi moja anapangiwa kusawazisha eneo lenye makaburi ya wajomba zake." Halafu ananyamaza.

Ona alivyofanya. Hakutaja dhamira hata moja, lakini dhamira zote zimo. Ametaja wajomba, na msomaji anayejua kuwa Wamwera hufuata ukoo wa mama ataelewa mara moja uzito wa makaburi hayo. Ametaja mahali na mwaka, na mradi wa karanga ni jambo lililotokea kweli: ulianza 1947, ukaachwa 1951, na ndio uliosababisha Bandari ya Mtwara kujengwa. Mchapishaji wa Dar es Salaam anaweza kuwa hajawahi kupokea riwaya ya huko. Kuandika kutoka Kusini hapo kunageuka kuwa sababu ya kusikilizwa, na mimi naamini tunayo akiba kubwa ya visa vya namna hii, kuanzia wapagazi wa Tendaguru waliobeba mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, hadi bandari ya Lindi mpaka wapigania uhuru wa Msumbiji waliofunzwa Nachingwea.

Kunyamaza baada ya kueleza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Aliyevutiwa atauliza, "Enhe, akafanyaje?" Hapo mazungumzo ndiyo yameanza.

Kuna mambo mawili ya malezi yetu yanayotuponza. La kwanza ni salamu. Kumwamkia mtu ni lazima, na mkubwa anastahili shikamoo yake, lakini kama umepewa dakika kumi usizimalize kwa habari za safari, za nyumbani na za mvua. Mwamkie, mtajie jina lako na unakotoka, ingia kwenye jambo lako. La pili ni unyenyekevu. Tumefundishwa tusijisifu, kwa hiyo utamsikia mtu akisema, "Aa, mzee, nimeandikaandika tu vitu vidogo hivi." Kwake ni adabu, kwa mhariri ni taarifa kwamba hata mwenye kazi haiamini. Usiseme umeandika riwaya bora kuliko zote nchini. Sema tu ulichoandika, bila kukishusha.

Tarajia maswali. Umemaliza? Ukiwa mwandishi mpya wa riwaya jibu linatakiwa liwe ndiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kukadiria mwisho ambao haujaandikwa. Kitabu cha maarifa, kwa mfano cha historia ya mji au cha kilimo, mara nyingi kinaweza kujadiliwa kwa pendekezo lenye mpango wa sura na sura moja au mbili za mfano. Wasomaji wako ni nani? "Watu wote" si jibu. Sema watoto wa darasa la tatu na la nne, au watu wazima wanaopenda visa vya upelelezi. Unafikiri kitakaa karibu na vitabu vya nani? Hapa lazima uwe umesoma, na umeangalia mchapishaji huyo anatoa nini. Kumpelekea diwani ya mashairi mtu anayetoa vitabu vya kiada ni kumpotezea muda na kujivunjia heshima. Unaandika nini kingine? Wanauliza hili kwa sababu wanamtafuta mwandishi wa kufanya naye kazi miaka mingi.

Nawe una haki ya kuuliza. Mnapenda kupokea kwa barua pepe au kwa karatasi? Mnachukua muda gani kujibu? Mnauza vipi vitabu nje ya Dar es Salaam, na vinafika Lindi?

Hofu ya kuibiwa wazo inawafanya wengine wazungumze kwa mafumbo. Naielewa, lakini inawanyima nafasi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, bila sharti la kuisajili, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe, wazo tupu halilindwi. Ndiyo sababu nyingine ya kumaliza kuandika kabla ya kwenda kuongea. Tunza nakala zenye tarehe.

Ukikutana na wakala wa nje, jua kwamba wengi wao hawasomi Kiswahili. Uwe na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza na sura moja au mbili zilizotafsiriwa vizuri, na umweleze wazi kama haki za Kiswahili bado unazo au umeshazitoa.

Ukiambiwa "nitumie", tuma ndani ya wiki moja au mbili, ukiwa umepitia kazi kwa mara ya mwisho. Mstari wa kwanza wa barua umkumbushe mlikutana wapi na mlizungumzia nini: "Tulizungumza nje ya ukumbi kuhusu riwaya ya Nachingwea." Ameomba sura tatu, tuma tatu, ya nne na ya tano zinaonyesha kwamba husikilizi. Kisha subiri. Miezi miwili au mitatu ya kimya ni kawaida, na baada ya hapo barua fupi ya kuulizia si usumbufu. Usimpigie simu saa tatu usiku. Wakati unasubiri, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 chini ya uratibu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, haihitaji wakala wala kujuana na mtu. Ila kama mswada uko tayari kwa mchapishaji, soma masharti ya tuzo kwanza na umweleze mchapishaji pia.

Jibu likiwa zuri, mkataba utakuja, na hapo ndipo utaikumbuka kazi ya wakala. Usisaini siku hiyohiyo. Angalia mrabaha unakokotolewa kwenye nini. Asilimia 10 ya bei ya jalada ya 10,000 ni shilingi 1,000. Lakini duka likipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anabaki na 6,000, na asilimia 10 ya hapo ni 600. Asilimia ni ileile, hela si ileile. Angalia unatoa haki zipi: kitabu cha karatasi peke yake, au pia tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu? Haki zinaishi muda mrefu. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilitolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Miaka 28 ilipita katikati, na haki ya tafsiri ilikuwa bado ina thamani. Kama mchapishaji wako hana mpango wa kutafsiri wala kutengeneza filamu, mwombe haki hizo zibaki kwako.

Uliza pia kitabu kikiisha madukani na asikichape tena, haki zinarudi kwako baada ya muda gani. Kama mkataba umenyamaza, omba kipengele hicho kiandikwe kabla hujasaini.