Kupasua tezi hakusambazi saratani

Kuanzia Kirumba hadi Ukerewe utasikia kwamba tezi iliyovimba shingoni ikiguswa na kisu, saratani husambaa. Si kweli, na imani hii inagharimu maisha. Limfoma, yaani saratani ya tezi hizi, huanzia kwenye seli ambazo tangu mwanzo huzunguka mwilini, kwa hiyo kisu hakiipi njia mpya. Hali ya mgonjwa ikizidi baada ya upasuaji, mara nyingi ni kwa kuwa alichelewa kufika. Limfoma ya Burkitt, inayowapata watoto wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria, inaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili, ipasuliwe isipasuliwe.

Kipimo cha sindano nyembamba hutoa seli chache. Inafaa kutafuta kifua kikuu, lakini aina ya limfoma husomwa pia kwenye mpangilio wa seli, ndiyo maana ni bora tezi itolewe nzima. Hukatwa katikati ingali mbichi, kipande hutengwa kwa kipimo cha kifua kikuu, kinachobaki hutumbukizwa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama. Isipokatwa katikati, fomalini huchelewa kufika ndani na nyama ya katikati huharibika. Ikikaukia kwenye shashi, mtaalamu wa patholojia hana cha kusoma.

Cha kuogopa hasa ni prednisoloni, dawa ya steroidi, ya kujinunulia dukani. Uvimbe hunywea, mgonjwa hudhani amepona, na kipimo kinaweza kutoka bila jibu. Kama umeshaimeza, mwambie daktari kabla hajakupasua.