Paka wako anakula nini? Maswali ya wenye paka Lamu

Paka wetu hupewa samaki kila siku, mara nyingi wabichi. Si ndicho chakula chake?

Samaki ni mzuri, lakini asiwe chakula chake pekee, na asiwe mbichi. Samaki kadhaa wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akilishwa hao wabichi wiki baada ya wiki, kwanza hukataa chakula, kisha huyumba, kichwa kikainama kuelekea kifuani, na mwisho hushikwa na degedege. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo chemsha.

Jodari ana balaa lake. Paka asiyekula kingine humwishia vitamini E, na mafuta ya mwilini hupata uvimbe hata ukimpapasa analia. Mpe mara mojamoja, na siku nyingine kuku au nyama.

Bunju asimguse kabisa: sumu yake haitoki kwa kupikwa. Na kama nyumbani kuna mvuvi, angalieni mishipi na ndoana zenye harufu ya chambo. Ukiona mshipi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, utamkata utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Wali wa nazi uliobaki je?

Tonge moja halimdhuru, ila usihesabu kuwa amekula. Paka ni mla nyama. Mwili wake haujitengenezei taurini ya kutosha, kirutubisho cha lazima kwake, na taurini haimo katika wali, ugali wala mkate. Imo katika nyama, samaki, na zaidi moyo na paja la kuku. Akiikosa miezi mingi, macho hupofuka na moyo hulegea. Na kwa kuwa taurini huyeyuka majini, ile supu uliyomchemshia usiimwage, mmiminie kwenye bakuli.

Pilau na mchuzi ni jambo jingine. Vitunguu maji na thomu huvunja chembe nyekundu za damu yake, vikiwa vibichi au vimepikwa. Toa fungu la paka kabla hujatia kiungo chochote. Najua siku ya harusi hakuna anayekumbuka hili.

Kiasi gani?

Paka wa kilo 4 huhitaji kalori kama 200 hadi 250 kwa siku, yaani gramu 130 hivi za kuku aliyechemshwa bila mifupa. Mifupa iliyopikwa hupasuka ikawa na ncha kali. Ukimudu chakula cha paka cha dukani kilichokamilika, kifanye ndio msingi.

Maziwa na maini?

Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa; maji safi yatosha. Maini kidogo mara moja kwa wiki. Yakiwa ya kila siku vitamini A humzidi, na shingo hukakamaa.

Anakamata panya. Bado tumlishe?

Mlisheni. Paka aliyeshiba huwinda vilevile. Na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula tumeisikia sote madrasa.

Hajala siku mbili. Tungoje?

Msingoje, hasa akiwa mnene: mafuta hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini likishindwa ni vigumu kumwokoa. Tena msimpe Panadol wala dawa nyingine yenye parasetamoli. Kidonge kimoja chaweza kumuua.