Kitanda kipo, ila nani anajua kiko wapi? Maswali na majibu kuhusu kusaka nafasi ya mgonjwa wa akili aliyezidiwa

Mtu akizidiwa na ugonjwa wa akili usiku wa manane, kinachofuata ni simu: hospitali hii imejaa, ile haipokei wanaume leo, nyingine haipokei simu kabisa. Jimbo la Virginia nchini Marekani lilijaribu kuondoa adha hiyo kwa kuweka rejista moja ya vitanda vya wodi za akili. Nimelichagua kwa sababu tunajua rejista hiyo ilitokana na nini, na tumeona pia ilipogota.

Ilianzaje?

Kwa msiba. Tarehe 18 Novemba 2013, seneta wa jimbo hilo, Creigh Deeds, aliomba amri ya kisheria ili mwanawe Gus, kijana wa miaka 24 aliyekuwa na ugonjwa wa bipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), apelekwe kupimwa. Sheria ya wakati huo iliruhusu mgonjwa azuiliwe kwa saa 4, na kuongezewa 2 tu. Aliyempima aliona anastahili kulazwa, akaanza kutafuta nafasi kwa simu. Muda ukaisha bila kitanda kupatikana, na baba na mwana wakarudi nyumbani. Asubuhi yake Gus alimjeruhi baba yake vibaya kwa kisu, kisha akajiua. Baba alinusurika.

Baadaye hospitali kadhaa za eneo lile zilisema siku ile zilikuwa na nafasi. Hapo ndipo ninapoumia kila nikiisoma habari hii. Kitanda kilikuwepo, lakini aliyekihitaji hakuwa na namna ya kukijua.

Rejista inafanyaje kazi?

Ilianza kutumika mwaka 2014 kwenye mtandao. Kila hospitali yenye wodi ya akili, ya serikali au binafsi, inatakiwa kuandika ina vitanda vingapi vilivyo wazi, vinafaa wagonjwa wa aina gani, na ulinzi wake ni wa kiwango gani. Hali ikibadilika, taarifa inabadilishwa. Isipobadilika, inathibitishwa angalau mara moja kwa siku. Majina ya wagonjwa hayahusiki. Anayeitumia ni mtumishi wa afya anayetafuta nafasi, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa hataiona.

Mwaka huohuo sheria iliongeza muda wa kuzuiliwa hadi saa 8, na ikaamuru kwamba kitanda kikikosekana kwingine kote, hospitali ya akili ya serikali lazima impokee mgonjwa.

Kama skrini inaonyesha kitanda, kwa nini mgonjwa bado anakataliwa?

Swali hili ndilo kiini cha yote. Kitanda cha wodi ya akili ni zaidi ya chuma na godoro. Ni muuguzi wa zamu, daktari wa kumpokea, na chumba kinachomfaa mtu yule. Kitanda cha pili katika chumba alimolala mwanamke hakimsaidii kijana wa kiume. Mwenye mimba, au anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, anahitaji hospitali inayoweza kushughulikia mwili na akili kwa pamoja. Aliyewahi kupiga watu wodini hukataliwa na hospitali nyingi. Halafu kuna vipimo: hospitali inayopokea hutaka kwanza damu, mkojo na pengine moyo vichunguzwe, kwa kuwa sukari iliyoshuka au maambukizi yanaweza kumfanya mtu aweweseke kama mwenye ugonjwa wa akili. Majibu yakichelewa, kitanda kinachukuliwa na mwingine.

Tena, taarifa iliyoandikwa asubuhi huwa imechakaa ifikapo jioni. Ndiyo maana hata wenye rejista bado hupiga simu kuhakikisha.

Je, vitanda vyenyewe vinatosha?

Havitoshi. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Kufikia 2016 vitanda vyake havikufika 38,000. Dawa mpya zilisaidia wengi kuishi nyumbani, na hilo ni jema. Ila huduma za mitaani zilizoahidiwa badala ya hospitali hazikujengwa kwa kiasi kilichohitajika. Huko Virginia, mgonjwa aliyekosa nafasi kwingine alisukumwa hospitali ya serikali, hadi Julai 2021 hospitali 5 kati ya 8 za serikali za watu wazima zikasimamisha kwa muda kupokea wagonjwa wapya. Wauguzi walikuwa wachache mno. Rejista ilionyesha upungufu, haikuuziba.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema haina maana. Bila hesabu, kila upande unalalamika na hakuna anayeweza kuonyesha pengo liko wapi. Ningependa zaidi skrini ionyeshe pia mgonjwa amesubiri saa ngapi, kwa kuwa anayesubiri ndiye anayesahaulika.

Ndugu afanye nini wakati kitanda kinasakwa?

Aje na dawa zote anazotumia mgonjwa, hata chupa tupu. Aeleze tarehe ya mwisho alipolala vizuri, alipokula, alipomeza dawa. Ataje waziwazi vitisho vya kujiua au kudhuru mtu, kwa maneno yaleyale aliyoyasikia. Aibu ikimfanya apunguze makali, mpimaji ataona hali si ya haraka. Aulize hospitali zipi zimeshapigiwa na zimejibu nini, aandike. Na asimwache mgonjwa peke yake.

Niko Marekani na Kiingereza changu ni kidogo. Nitasikilizwa?

Ni haki yako. Tangu 1986 sheria inazitaka hospitali zenye kitengo cha dharura zinazopokea fedha za Medicare, yaani bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, zimchunguze kila anayefika, awe na bima au hana, na dharura ya akili imo. Mkalimani ni bure. Sema tu "Swahili". Mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mzazi wake. Namba 988 ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua au shida ya akili, iliyoanza Julai 2022, inapokea simu saa 24 bila malipo, na mkalimani anaweza kuunganishwa. Palipo na silaha au hatari ya papo hapo, piga 911, namba ya dharura ya polisi na gari la wagonjwa, na useme mwanzoni kabisa kwamba ni mgonjwa wa akili.