Kupima fikra na "kuwaza chanya" ni vitu viwili

Mwambie mtu unasumbuliwa na wasiwasi, na jibu utalipata hapo hapo: "Waza chanya, ndugu yangu. Badilisha fikra zako." Akiwa amesomasoma kidogo ataongeza kwamba hata wanasaikolojia wanatibu hivyo hivyo. Mimi hapo hugoma, maana hawatibu hivyo.

Kubadili mazoea ya kufikiri, kwa maana inayotumika kwenye tiba, ni kuikamata fikra inayokujia yenyewe pale wasiwasi unapopanda, kuichukulia kama dai ambalo bado halijathibitishwa, kulipima, kisha kutenda kwa kufuata kipimo kilichoonyesha nini. Ukirudia mara nyingi, akili inazoea njia nyingine. Maana yenyewe ni hiyo, na neno "chanya" halimo.

Hiyo chanya ina ukoo wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mfamasia huko Ufaransa, Émile Coué, aliyewafundisha watu kujisemea kila siku kwamba wanazidi kupata nafuu kwa kila hali. Alivuma mpaka Marekani. Hawa wanaokwambia usimame mbele ya kioo ujiite mshindi, wajue wasijue, ni wajukuu zake. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada, akiwemo Joanne Wood, waliwajaribu watu kwa kuwataka wajirudierudie kwamba wao ni wa kupendwa. Waliokuwa wanajithamini tayari walijisikia vizuri kidogo. Waliojidharau walizidi kujisikia vibaya. Yaani dawa ilimkataa yule yule aliyeihitaji.

Ukoo wa pili, ule wa kupima fikra, unaanzia kwa Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia. Alifunzwa kwa mbinu za Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchimbua mambo yaliyofichika akilini, akaanza utafiti akitaka kuthibitisha kwamba huzuni kubwa ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Matokeo yakamkatalia. Alichokiona, na kukiandika miaka ya 1960, ni kwamba chini ya yale wagonjwa waliyokuwa wakimweleza kulipita fikra nyingine, fupi na za haraka, ambazo wenyewe waliziamini bila hata kuzikagua. Albert Ellis, mwanasaikolojia wa New York, alikuwa amefika karibu na hapo miaka ya 1950, akimnukuu Epictetus, mwanafalsafa wa kale aliyesema kinachowasumbua watu ni hukumu wanazoyatolea mambo, wala si mambo yenyewe. Beck alitaka daktari na mgonjwa wawe wachunguzi wawili wa dai moja. Mchunguzi haanzi na jibu tamu mfukoni.

Chukua jambo dogo. Umemtumia bosi ujumbe. Tiki mbili za bluu zimetokea, saa tatu zimepita, kimya. Fikra inakuja: "Nimeharibu, nitafukuzwa." Anayewaza chanya anajiambia bosi anamkubali na kila kitu kitakuwa shwari. Amejuaje? Ametupa dai moja lisilo na ushahidi akaokota jingine, na moyoni analijua hilo, ndiyo maana usiku halali.

Anayepima anachukua karatasi. Anaiandika fikra neno kwa neno kama ilivyokuja, na pembeni anaandika anaiamini kwa kiasi gani: 85 kwa 100. Yanayoiunga mkono: hajajibu, na wiki iliyopita alilalamikia ripoti. Yanayoipinga: ripoti ile ile aliipitisha, na kwa kawaida hujibu jioni akishamaliza vikao. Kisha anaandika sentensi mpya: "Hajajibu, na sijui sababu. Inawezekana kuna kitu hakijampendeza. Nitamuuliza kesho asubuhi." Anaipima tena ile ya kwanza: 40. Haijafika sifuri, wala hakuna aliyeahidi sifuri. Tazama pia jinsi sentensi mpya isivyo na utamu wowote.

Kuna wanaoisukuma tu fikra mbaya nje. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilijaribu hili mwaka 1987: aliwaambia watu wasimwaze dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele hazikunyamaza. Baadaye walipoambiwa sasa wamwaze, walimwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa kitu.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba kupima hakuishii kwenye karatasi. Mwanasaikolojia David Clark alieleza mwaka 1986 jinsi shambulio la hofu linavyojilisha: moyo unadunda, mtu anausoma mdundo huo kama dalili ya kufa, hofu inapanda, moyo unadunda zaidi. Ikishajulikana kwamba moyo wenyewe ni mzima, mtaalamu hambembelezi mgonjwa. Anamwomba apumue haraka haraka makusudi, pale pale kitini, kizunguzungu kile anachokiogopa kije, aone kinaishia wapi. Kujihakikishia kwa kuwauliza watu watano "nitakuwa sawa, eti?" hakufanyi kazi hiyo. Kunatuliza kwa nusu saa, halafu unamtafuta mtu wa sita.

Kwa hiyo, ukikutana na mwenye wasiwasi, nakuomba uiache ile "waza chanya", hata kama unaisema kwa upendo. Muulize: "Hasa unaogopa kitatokea nini?" Msubiri ajibu, umuulize anakijuaje. Na akikwambia kuna deni la mwisho wa mwezi na pesa hana, hapo fikra yake haina kosa lolote. Kaeni mpige hesabu.