Seti za roboti za kujifunzia ramani: yanayosemwa sana na ukweli wake

Mtu akitaka kununua seti ya roboti ya kujifunzia kuchora ramani na kujiongoza, swali la kwanza huwa "ina laida?", yaani ile sensa inayozunguka na kupima umbali kwa mwanga. Ikiwa nayo analipa, ikiwa haina anapita. Mimi nasema anza na magurudumu, laida baadaye, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu wanafunzi wengi sana wanakwama hapa hapa halafu wanaondoka wakiamini robotiki ni ya watu wenye akili za ajabu, kumbe shida ilikuwa seti waliyouziwa.

Dhana: laida ikiwa nzuri, ramani itakuwa nzuri.

Laida inapima umbali tu. Inazunguka, inatupa mwanga, inarudisha namba: ukuta uko mita 2.1 mbele, kabati liko sentimita 80 kushoto. Roboti yenyewe iko wapi, hiyo laida haijui. Ili namba hizo ziungane ziwe ramani, programu inabidi ikadirie roboti imesogea kiasi gani na imegeuka kiasi gani tangu kipimo kilichopita, na kwa seti nyingi makadirio hayo yanaanzia kwenye enkoda, yaani kale kasensa kanakohesabu mizunguko ya gurudumu. Sasa zile mota za njano za plastiki zinazojaa kwenye seti za bei rahisi mara nyingi zinakuja bila enkoda kabisa, kwa hiyo ukiiamuru iende mbele sekunde mbili inaenda tu, leo umbali huu, kesho betri ikichoka umbali mwingine, na programu haina habari.

Na hata enkoda zikiwepo gurudumu linaweza kuteleza, hasa kwenye kugeuka. Kugeuka ndo kubaya zaidi. Roboti ikikosea mwelekeo wake kwa digrii 1 tu, baada ya mita 10 inakuwa imepotoka kama sentimita 17 pembeni, ikikosea digrii 5 inafika sentimita 87. Programu nzuri ya SLAM, yaani ya kuchora ramani huku ikikadiria roboti iko wapi, inarekebisha sehemu kubwa ya makosa hayo kwa kulinganisha vipimo vya laida, ila ukiipa makadirio mabovu mno inashindwa, na hapo ndo unaona kwenye skrini ukuta mmoja umechorwa mara mbili, wa pili umelala mshazari juu ya wa kwanza, na mtu anailaumu laida.

Kabla ya kununua, au siku ya kwanza ukishaipata, bandika tepu sakafuni mraba wa mita 1 kwa mita 1, iamuru roboti iuzunguke na irudi pale ilipoanzia, kisha pima imekosea kiasi gani. Halafu fanya tena kwa kuzunguka upande wa pili. Usiruke hiyo ya pili, maana makosa mawili yanaweza kufichana ukizunguka upande mmoja tu, ukadhani una roboti nzuri.

Dhana: sensa ya ultrasoniki, ile inayopima kwa sauti, ni sawa tu na laida, nayo si inapima umbali.

Inapima, ndiyo, ile ya bei rahisi inayoitwa HC-SR04 inasoma kuanzia sentimita 2 hadi kama mita 4. Tatizo sauti inatoka imetawanyika, kama digrii 15 hivi, kwa hiyo kitu kikiwa mita 2 mbele sensa inakwambia "kipo" lakini kinaweza kuwa popote ndani ya upana wa karibu nusu mita. Na ukuta ukiwa umekaa kimshazari sauti inadunda kwenda kwingine hairudi, roboti inaona njia nyeupe. Kwa kukwepa vitu inafaa sana, kwa ramani ya kueleweka utateseka.

Dhana: laida inaona kila kitu.

Laida za seti hizi nyingi zinaona mstari mmoja tu wa usawa wake. Meza kwake ni miguu minne, kioo kinapitisha mwanga, kitu cheusi kinaumeza. Angalia pia inafika wapi: ile LDS-01 iliyokuja na TurtleBot3, roboti ya kujifunzia, mwisho wake ni mita 3.5, RPLIDAR A1 inafika kama mita 12. Chumbani zote sawa. Ila ukiweka hiyo ya mita 3.5 katikati ya ukumbi mpana haioni ukuta wowote, na bila ukuta hakuna cha kulinganisha.

Dhana: lazima iwe na kompyuta kali ndani.

Hapana. Eneo la mita 10 kwa 10 likigawanywa vijisanduku vya sentimita 5 ni vijisanduku 40,000 tu. Raspberry Pi 4, kale kakompyuta kadogo, inamudu, na ikizidiwa unaacha roboti itume data kwa WiFi, hesabu zifanyike kwenye laptopu. Kutengeneza ramani kwa kamera ndo kazi nzito, kwa anayeanza siishauri.

Dhana: ramani ikishakamilika, roboti inajua kwenda yenyewe.

Ramani ni picha, bado roboti haijajua imesimama wapi ndani ya hiyo picha. Kuna programu inaitwa AMCL, hii inabuni mamia ya makisio ya "labda niko hapa", ukifungua RViz, programu ya kuonyesha data za roboti kwenye skrini, unaona makisio hayo kama vishale vimetapakaa, kisha roboti inavyotembea na kugeuka vile visivyolingana na vipimo vya laida vinafutika na vilivyobaki vinakusanyika sehemu moja. Hapo mwanafunzi anaelewa kitu ambacho kitabu hakimwonyeshi. Kwa hiyo seti inayokupa kitufe cha "tengeneza ramani" kwenye simu na kukuficha mengine yote, hata iwe nzuri kwa macho, kwa kujifunza haifai.

Dhana: programu utaipata tu mtandaoni.

Hapa watu wanaumia kimya kimya. Seti nyingi bado zinauzwa na mafunzo ya zamani ya ROS, yaani mfumo wa programu za kuendeshea roboti, wakati toleo la mwisho la ROS 1, Noetic, liliishiwa msaada Mei 2025. Uliza muuzaji kama inafanya kazi na ROS 2, na toleo gani: Humble inahudumiwa hadi Mei 2027, Jazzy hadi Mei 2029. Akishindwa kujibu, achana nayo. LEGO nao waliacha kuuza Mindstorms, seti zao za roboti, mwishoni mwa 2022, kwa hiyo jina kubwa peke yake halitoshi.

Dhana: bila kununua huwezi kuanza.

Gazebo, programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, ni bure na TurtleBot3 ina kielelezo chake cha kutumia humo, utachora ramani na kuitumia bila roboti yoyote mkononi. Ila magurudumu ya kwenye simulesheni hayatelezi kama ya kweli, kwa hiyo usishangae roboti halisi ikikuangusha mwanzoni.

Kwa watoto wadogo yote haya hayahitajiki. Bee-Bot, karoboti ka sakafuni ka vitufe, inasogea sentimita 15 kwa kila hatua na kugeuka digrii 90, haichori ramani yoyote, mtoto ndiye anayeipanga njia kichwani mwake kabla ya kubonyeza.